African Storybook kwenye kona ya watoto ya maktaba: inawafaa kiasi gani waliohamia Mbeya na Tunduma?

Tunduma na Nakonde ya Zambia zimetenganishwa na mpaka unaovukwa kwa miguu. Familia huvuka na mizigo yake, hupanga chumba, na muda si mrefu mtoto yuko darasa la pili akiwa na daftari jipya na Kiswahili cha sokoni. Kasumulu, upande wa Kyela, mambo ni hayohayo kwa wanaotoka Malawi, na barabara ya malori huwaleta pia Wakongo. Mtoto wa namna hii akiingia maktaba, mara nyingi rafu humpa vitabu vya kiada, au vitabu vya msaada vya Kiingereza vyenye picha za theluji. Hakuna kinachomwambia kwamba hata lugha ya mama yake huandikwa.

African Storybook ni mkusanyiko wa hadithi za picha kwa watoto, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa 2014. Kusoma ni bure, kupakua ni bure, na leseni zake za Creative Commons zinaruhusu kuchapa, mradi majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri yabaki. Baadhi zinakataza kuuza, kwa hiyo soma ukurasa wa mwisho kabla ya kupeleka kazi stesheneri. Ngazi ni 5: ya 1 ina neno moja moja, ya 2 sentensi fupi, na ya 5 ni ya kusomewa na mkubwa. Kwa mtoto mgeni anza na ya 1 au ya 2, hata kama ana miaka kumi. Kiswahili kipya kinamtosha, usimwongezee aya ndefu.

Ubora wake mkubwa ni kwamba hadithi moja, kwa picha zilezile, hupatikana katika lugha kadhaa. Chukua toleo la Kibemba na la Kiswahili, yafungue mawili kwenye mkeka, picha ikabili picha. Mama asome ukurasa wake, kisha mtoto asome wa kwake. Mzazi asiyejua kusoma asimulie picha kwa lugha ya nyumbani. Hilo nalo ni somo kamili. Kabla ya kuchapa hesabu kurasa za matoleo yote mawili, maana mfasiri mmoja akiunganisha kurasa mbili, picha zinapishana na mtoto anapotea.

Usiamue lugha kwa kuangalia pasipoti. Kinamwanga kinasemwa Nakonde na Tunduma pia, na Kingonde cha Karonga ni ndugu wa damu wa Kinyakyusa cha Kyela. Mkutubi aulize tu: "Mama, nyumbani mnaongea lugha gani?" Hapo ndipo atakapojua achape nini.

Makosa ya mtoto nayo yana chanzo chake. Aliyeanzia shule ya Kibemba amezoea herufi c peke yake kusomeka kama ch yetu, hivyo huandika "cakula". Aliyetoka Kongo akiwa amesoma kwa Kifaransa huona "chui" akasoma kama "shui", na j yake huwa laini kupita kiasi. Mkongo huyohuyo anaweza kutazama "watoto wanacheza" akatamka "batoto banacheza". Hajashindwa kusoma. Ameelewa sentensi nzima na kuitafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha kwao. Rudia sentensi kwa sauti jinsi ilivyoandikwa, fungua ukurasa unaofuata. Ukimkatiza kila neno, wiki ijayo hatakuja.

Kasoro sasa. Mkusanyiko huu uko wazi kwa wachangiaji, kwa hiyo Kiswahili chake hakilingani. Kuna hadithi safi, na kuna zenye ngeli zilizoyumba au maneno ya Kenya ambayo mtoto wa Mbeya hayakuti darasani. Chuja kwanza kwa zile zilizoidhinishwa na wahariri wa mradi, kisha mtu mmoja azisome zote kwa sauti kabla ya kuchapa. Ndiyo maana haifai kuwa rafu nzima. Iwekwe pamoja na vitabu vilivyohaririwa hapa nchini, vikiwemo vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza 1991. Kwa lugha ndogo za mpakani, hadithi ni chache au hamna kabisa. Tovuti inaruhusu kutafsiri, na mzazi mmoja na mwalimu mmoja wanaweza kumaliza hadithi ya ngazi ya 1 kwa kikao kimoja.

Kuchapa ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kijitabu cha kurasa 16 za A5 kinahitaji karatasi 4 za A4 zilizochapwa pande zote mbili. Kwenye printa chagua mpangilio wa kijitabu na kugeuza kwa upande mfupi. Ukiacha upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Kurasa zisipogawanyika kwa 4, zinabaki tupu mwishoni: waachie watoto wachore. Jalada liwe la manila. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, hivyo tumia yenye mkono mrefu, au toboa matundu matatu kwenye mkunjo na kushona kwa sindano na uzi mnene.

Tena chapa kwa printa ya leza. Wino wa maji ukikutana na mikono iliyolowa mvua ya Rungwe, picha inageuka tope. Rafu isiguse ukuta, na msimu wa ukungu vitabu vipigwe upepo siku ya jua, la sivyo kuvu itaanzia kwenye mkunjo.

Kwa mzazi mwenye simu na asiyejua kusoma, ipo pia tovuti ya Storybooks Canada, iliyochukua hadithi 40 za mkusanyiko huu na kuziwekea sauti kwa ajili ya familia za wahamiaji huko Kanada. Asikilizie maktabani kama kuna intaneti, kwa sababu bando la kusikiliza nyumbani ni gharama nyingine.

Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Moja imepunguzwa na Kiswahili kisicholingana. Ila maktaba isiifungie kabatini. Pale ambapo fomu ya kuazima inadai mdhamini au namba ya NIDA, familia iliyofika juzi itaishia mlangoni, na vijitabu hivi ni karatasi nne tu na jalada. Viandikwe kwenye daftari la kawaida kwa jina la mtoto na shule yake, viende nyumbani Ijumaa. Kikipotea, faili lipo, kinachapwa kingine.