Barakoa ya peintiboli juu ya mtandio: mwaka mmoja na JT Proflex

Kilichonifanya ninunue barakoa yangu mwenyewe ni kidole cha refa. Kijana mdogo, rika la mpwa wangu, amesimama ng'ambo ya uwanja amenielekezea kidole na kupiga kelele: "Madam, shusha! Shusha sasa hivi!" Filimbi ikalia, mchezo wote ukasimama, na wafanyakazi wenzangu ishirini na kitu wakageuka kumtazama mhasibu wao aliyechutama nyuma ya pipa, barakoa kaipandisha kipajini, anapangusa kioo kwa ncha ya mtandio. Na mie nilidhani pipa limenificha.

Ilikuwa Julai, upande wa Limuru, tunacheza peintiboli, ule mchezo wa timu mbili kulengana kwa bunduki za vidonge vya rangi, kwenye ile siku ya ofisi ya kujenga umoja ambayo kila mwaka hutuacha na mafua. Mie ni mtu wa Mombasa. Baridi ya Limuru ya saa tatu asubuhi hainijui na mie siijui. Barakoa tuliyokodishiwa ilikuwa ya plastiki ngumu, kioo chake karatasi moja tu, sponji yake imeshiba jasho la watu wa Jumamosi zote zilizopita. Dakika ya tatu kioo kilikuwa cheupe kama dirisha la bafu. Nilikuwa naona rangi tu, sioni watu. Nikamlenga mmoja, nikampiga vizuri kabisa begani, kumbe wa timu yangu, tena wa idara ya mikopo ambako nina ombi halijajibiwa mpaka leo.

Wakati wa chai refa alinifuata, akanieleza kwa adabu. Kidonge cha rangi kina kipenyo cha milimita 17 hivi, na viwanja vingi huweka kikomo cha mwendo wake kuwa futi 300 kwa sekunde au chini yake. Nikapiga hesabu palepale kwenye simu, ndiyo kazi yangu: futi 300 ni mita 91, na mita 91 kwa sekunde ni karibu kilomita 330 kwa saa. Treni ya Madaraka inayonipeleka nyumbani kwa Idi hufika 120. Ngozi itavimba, iwe zambarau, ipone. Jicho halina mjadala huo. Akaniambia pia kwamba wanaoumia macho kwenye mchezo huu kwa kawaida ni wale walioivua au kuipandisha, si walioivaa sawasawa. Wengi wao, kama mie, wanapangusa kioo.

Basi tangu siku hiyo barakoa naipima kwa swali moja: je, itanifanya nitamani kuivua? Urembo, rangi, na lile umbo la mdudu wanalolipenda vijana, hayo tutayazungumza baadaye, au tusiyazungumze.

Neno lenyewe kwanza. Siku hizi ukisema barakoa mtu anakumbuka Korona na vile vitambaa vya sikioni. Sisi wa pwani tulikuwa nalo zamani, ile barakoa ya mabibi wa Kiarabu wa Unguja na Omani, imetariziwa, macho tu ndiyo yanayoonekana. Nyanya yangu aliponiona kwenye picha nimevaa Proflex juu ya mtandio alicheka mpaka akashika ubavu. "Mjukuu wangu amerudi kwa wakubwa," akasema, "lakini hii ya kwake ina mdomo wa papa."

JT ni jina la zamani. Walianza na mavazi ya mbio za pikipiki za vumbi huko Marekani kabla ya kuingia kwenye peintiboli, na Proflex imekuwa vichwani mwa wachezaji tangu miaka ya 1990. Mchezo wenyewe una umri wa kutosha: Juni 27, 1981, watu 12 waliingia msituni Henniker, New Hampshire, na bastola ambazo kazi yake ya asili ilikuwa kutia alama miti na ng'ombe. Usoni walivaa miwani ya karakana, basi. Mdomo, mashavu na masikio viliachwa wazi. Ndiyo maana nasema kinga ya kichwa katika mchezo huu imejifunza mambo yake kwa mashavu ya watu.

Yangu aliniletea binamu yangu anayeishi Minnesota. Kule bei yake huwa kati ya dola 80 na 100 hivi, kutegemea toleo. Uwanja wa ndege afisa wa forodha aliitoa kwenye begi, akaigeuzageuza, akamuuliza kama ni ya pikipiki au ya maandamano. Binamu akasema ni ya shangazi mmoja mhasibu. Inasemekana hapo ndipo alipotiliwa shaka zaidi.

Sasa kioo, maana hapo ndipo pesa ilipokwenda. Kioo cha kawaida ni tabaka moja. Pumzi yako ina joto na unyevu, kioo kina baridi ya Limuru, vikikutana unyevu hauna budi kugeuka matone pale kama kwenye chupa ya soda baridi. Hiki kinachoitwa cha themali kina tabaka mbili: la nje ni polikaboneti, ndilo linalopokea kipigo, la ndani ni jembamba, na katikati kuna hewa iliyofungiwa kwa ukingo wa sponji. Ile hewa huzuia baridi ya nje isifike kwenye tabaka la ndani, kwa hiyo la ndani hubaki na joto la uso wako na ukungu haupati pa kukaa. Hakuna betri wala dawa ya kupulizia. Wapo wanaofunga feni ndogo ndani ya barakoa, nami nilimkuta mmoja uwanjani anavuma kama friji, sijaona haja.

Nimeivaa mwaka mzima, mara moja au mbili kwa mwezi. Asubuhi za Julai na Agosti, kwenye umande, nikikimbia kisha nikijitupa chini nahema, pembeni huingia ukungu kidogo, chini karibu na pua, na huondoka wenyewe kabla sijahesabu ishirini. Mbele ya macho, kweupe. Desemba niliipeleka Mombasa, tukacheza na wapwa kwenye joto lile la kaskazi ambalo hata ukuta hutoa jasho. Ukungu hapana. Jasho ndiyo, lilinichuruzika kutoka kipajini mpaka kwenye sponji na sponji ikalishiba. Nilikaa na chumvi kwenye nyusi saa nzima, lakini sikuivua.

Kosa kubwa lilikuwa langu, na naliandika ili mtu mwingine asilirudie. Baada ya mechi ya pili nilifika nyumbani na rangi ya machungwa imekauka kwenye kioo. Nikaiweka chini ya bomba la jikoni, nikaisugua kwa sabuni ya vyombo kama sufuria ya pilau, nikailoweka. Asubuhi kulikuwa na maji katikati ya tabaka mbili. Yanacheza. Ukiinamisha kichwa yanakwenda kushoto, ukiinua yanarudi. Kioo cha themali hakiloweshwi, jamani. Unachukua kitambaa laini cha mikrofaiba chenye unyevu kidogo, unapangusa nje, na ndani unagusa kwa upole sana, maana kuna utando wa kuzuia ukungu ambao ukiusugua unaondoka nao. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia ziache madirishani. Nikaagiza kioo kingine, nikasubiri wiki sita, nikajilaumu wiki sita.

Sehemu ya chini, ule mdomo wa papa alioucheka nyanya, ni laini. Ukiibonyeza inakunjika na kurudi. Nilidhani ni ulegevu wa mali ya bei nafuu, kumbe ndiyo sababu watu wanaipenda. Kidonge kikigonga plastiki ngumu hupasuka. Kikigonga kitu kinachobonyea mara nyingine hudunda na kuanguka kizima. Na sheria ni kwamba kisipopasuka juu yako hujatoka. Nimedundiwa taya mara tatu mwaka huu na nikaendelea kucheza. Mara moja kilipasuka hasa kwenye matundu ya kupumulia, nikapata mvuke wa rangi mdomoni, mchungu. Ganda lake ni gelatini. Msiniulize ni gelatini ya mnyama gani, nilitema haraka nikapiga bismillahi.

Matundu hayo yana faida nyingine: sauti hutoka. Kwenye ile ya kukodi nilikuwa naongea kama mtu aliyefunikwa mto. Kwa hii naita "kushoto kwako!" na mtu anageuka kushoto kwake. Masikioni pia kuna ngao laini yenye nafasi, nasikia nyayo. Kwa mchezo wa kujificha, kusikia ni nusu ya kuona.

Akina dada wenzangu wa mtandio, hapa ni penu. Mwanzoni nilivaa wa shifoni, ukanda ukateleza, barakoa yote ikapanda kila nilipoinama. Pamba ndiyo dawa. Mtandio wa pamba usio na mikunjo mingi, umefungwa kwa nyuma, chini yake kofia ndogo ya kubana, hakuna pini hata moja. Nasema hakuna pini hata moja! Mwenzetu mmoja alipigwa kisogoni penye pini na alijua mahali ilipo bila kuitafuta. Kisha ukanda upite chini ya tuta la kisogo, si juu ya fundo la nywele. Barakoa hizi hazifuniki utosi wala kisogo, hilo wengi hawalijui mpaka siku yao. Kepe ya mbele hukinga jua na vidonge vinavyotoka juu kidogo, nyuma unajitafutia. Mtandio juu ya kofia ya pamba umenifaa kuliko ile kofia ya sufu waliyovaa wanaume, na haunipi joto la ujinga.

Kubadilisha kioo kwenye toleo hili la kawaida kunataka subira: unachomoa vibanio, unavuta ile sehemu laini itoke kwenye fremu, unarudisha kila kitu kwa mpangilio wake. Zipo barakoa ambazo kioo hutoka kwa kubonyeza mara moja. Mie nabadilisha mara moja kwa mwaka, kama watengenezaji wanavyoshauri, au kikipigwa kutoka karibu sana, kwa hiyo sioni shida. Anayecheza mashindano na kupangusa kila dakika tano ataiona. Anayevaa miwani ya macho aijaribu kwanza na miwani yake usoni, asikubali maneno ya mtu.

Na unaponunua yoyote ile, tafuta maandishi ASTM F1776 kwenye kioo au kwenye kijitabu. Hicho ndicho kipimo cha kinga ya macho ya peintiboli. Mtandaoni nimeona zinauzwa barakoa za wavu wa chuma kwa bei ya kitenge, picha zake zinapendeza. Wavu hupitisha rangi na vipande vya ganda moja kwa moja machoni. Miwani ya pikipiki nayo si ya kazi hii.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeizuia kwa ajili ya sponji, maana baada ya mechi ndefu huchukua siku mbili kukauka kivulini, na Nairobi ya Julai jua la kuianikia utalitoa wapi.

Mwezi uliopita ofisi ilitupeleka tena palepale. Meneja wetu alitazama ile ya kukodi, akatazama yangu, akaniomba kwa sauti ya chini nimwazime raundi moja tu. Nikamwambia, "Shikamoo bosi, lakini hapana." Dakika ya tatu nikamsikia refa anampigia kelele ashushe.