TAHADHARI: Koili na plagi "orijino" za Golf GTI zinazouzwa WhatsApp Kampala

Ndugu zangu wenye magari ya turbo, hasa Golf GTI na binamu zake wa Audi, kaeni macho. Kuna muuzaji wa spea anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala akiuza koili (zinazotoa umeme mkali wa kuwashia) na plagi (zinazorusha spaki, yaani cheche, ndani ya silinda) feki kwa bei ya orijino. Jina silitaji, maana analibadilisha kila mara, na duka lake sijawahi kulitia machoni. Kila nikitaka kwenda, "leo tumefunga, nakutumia boda." Nitawaeleza anavyofanya kazi, mtamtambua wenyewe.

Kwanza mjue alinipataje. Mtu wa Subaru gari likimsumbua anashuka Kisekka, soko la spea, na kabla ya saa sita mchana ameshapata alichotaka, tena kwa kuchagua. Sisi wa Golf tunahangaika. Ukiuliza koili ya GTI unaambiwa urudi wiki ijayo, wiki ijayo unaambiwa meli bado iko Mombasa. Kwa hiyo mtu akikuambia "ninazo nne, mpya, kwenye boksi", moyo unaruka kabla akili haijaamka.

Gari langu ni la 2010, injini ya lita 2 yenye turbo. Lilianza kumisi nikipanda mlima wa Naguru: gia ya tatu, nakanyaga mafuta, linatetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini inawaka na kuzima. Likiwa limesimama, halina neno. Mashine ikasoma P0303, yaani silinda ya tatu haichomi. Nikafanya kile ambacho kila mwenye gari la aina hii anapaswa kukijua: nikachomoa koili ya silinda ya tatu nikaiweka ya kwanza, na ya kwanza nikaipeleka ya tatu. Nikazunguka tena Naguru. Kosa likahama, likawa P0301. Jibu limepatikana, koili imekufa. Hadi hapo nilijiona fundi kamili.

Nikanunua zote nne kwa huyo bwana, pamoja na plagi nne za iridiamu. Koili shilingi 480,000, plagi 220,000. Picha alizotuma zilikuwa safi: maboksi yamepangwa juu ya kitambaa cha meza cha mirabamiraba nyekundu, nembo zinang'aa. Nilipotuma hela kwa simu, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, wakati mimi nazungumza na mwanamume mwenye sauti nzito. "Ni shemeji yangu anashika laini ya duka." Nikabonyeza kukubali. Banange!

Siku nne gari lilikwenda kama jipya. Siku ya tano, kwenye Northern Bypass, likaanza upya, na safari hii kwa fujo. P0300, yaani silinda zinamisi ovyo ovyo, halafu P0302, kesho yake P0304, keshokutwa hakuna kosa lolote lakini mtetemo upo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipoumia zaidi kuliko kwenye hizo laki saba. Mimi koili na plagi nilishazifuta kwenye orodha. Ni mpya, nimezifunga kwa mkono wangu, kwa nini nizishuku? Kwa hiyo nikaenda kutafuta ugonjwa kwingine kote. Nikasafisha injekta. Nikabadilisha valvu ya kupumulia ya injini, ile ya juu ambayo kwenye Golf hizi kweli huwa inapasuka. Nikafungua manifoldi ya hewa nikaondoa masizi kwenye valvu, kwa sababu injini hizi zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu kuziosha, kwa hiyo uchafu hujijenga. Masizi yalikuwepo, sikatai, mengi tu. Lakini si yaliyokuwa yananitesa. Wiki sita zikapita, na hela iliyotoka siwezi kuiandika hapa kwa sababu mke wangu yumo humu.

Nilipomlalamikia muuzaji hakukasirika hata kidogo. Alinipa pole, akaniambia spea za umeme hazirudishwi popote duniani, halafu akasema ana fundi wake mtaalamu, nimpelekee gari alitazame bure. Hiyo bure ndiyo ndoano. Fundi akachomeka mashine, akasikiliza injini kwa bisibisi sikioni, akatikisa kichwa: "Boss, cheni ya taimingi imelegea. Siku yoyote valvu zinakutana na pistoni." Akanionyesha kwenye simu picha za injini zilizosagika. Na muuzaji, kwa bahati njema kabisa, alikuwa na injini nzima kutoka Japani, milioni saba na nusu.

Ujanja wake uko hapa: hakunidanganya kwa jambo la kubuni. Tenshena, yaani vikaza cheni, kwenye injini hizi, zile za miaka ya mwanzo, ni kweli zilikuwa na udhaifu, na ni kweli zikiachia injini inakwisha. Nilishalisikia kabla, kwa hiyo woga ulikuwa tayari umo ndani yangu, yeye aliupulizia moto tu. Nikatoa shilingi 500,000 "za kushika injini isiuzwe". Hizo nazo zimekwenda.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji, mtu wa Arua, amefunga injini tangu mimi sijazaliwa. Nilimpelekea gari nikimwambia, "Mzee, nakuja kubadilisha injini." Akaniuliza, "Mwanangu, nani amekuambia imekufa?" Hakugusa cheni kwanza. Alipima mgandamizo wa silinda zote nne, zikawa kati ya psi 170 na 178, karibu sawa kabisa. Akasoma nafasi ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu, unaozungushwa na ile cheni) kwenye mashine, ikawa ndani ya mipaka. Ndipo akachomoa koili zangu "mpya", akaishika moja na ile ya zamani iliyokufa, moja kila kiganja, akacheka. Ya zamani ilikuwa nzito zaidi.

Plagi ndiyo zilimaliza ubishi. Plagi zenye herufi R ndani ya namba zake huwa na kizuizi cha umeme, na ukiipima kwa mita kutoka juu hadi kwenye ncha ya katikati inatakiwa kusoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 5,000 hivi. Zangu tatu zilisoma kama sifuri, kana kwamba ndani kuna msumari, na moja haikusoma chochote. Nafasi ya ncha ambayo ingefaa iwe milimita 0.7 au 0.8 ilikuwa 0.6 kwenye moja na 1.1 kwenye nyingine, ndani ya seti moja! Ile washa ya shingoni ikatoka kwa vidole, wakati kwenye orijino imebanwa haitoki kirahisi. Na kwenye kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi kama wa penseli. Mzee akaniambia hapo ndipo spaki imekuwa ikitorokea, pembeni, badala ya kuruka kwenye ncha.

Akanieleza pia kwa nini gari lilitulia likisimama na kuchachamaa mlimani. Turbo ikisukuma hewa, silinda inajaa shinikizo, na spaki inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka. Koili dhaifu inaweza kazi ya kusimama kwenye foleni ya Jinja Road. Ukiiambia ipande Naguru, inasalimu amri. Na kwa sababu zote nne zilikuwa dhaifu, ule mchezo wangu wa kuhamisha koili haukuwa na maana tena. Nilikuwa nahamisha mgonjwa mahali pa mgonjwa.

Tulifunga koili nne orijino zilizotumika, kutoka GTI iliyogongwa nyuma, kwa makubaliano kwamba nalipa baada ya kupanda Naguru mara tatu. Plagi nilinunua kwa mtu mwenye duka, mlango, na risiti. Nimeshatembea kilomita 3,000 na taa haijawaka. Ila katalaiza, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, inanitia wasiwasi, kwa sababu petroli isiyochomwa kwa wiki sita ilikuwa inaenda kuungulia humo, na kuna harufu ya yai bovu nikizima gari. Taa ya injini ikiwakawaka, ndugu zangu, acheni kukanyaga, egesheni. Mimi niliendesha hivyo hadi Entebbe na kurudi.

Kama umeshanunua kwake, usingoje gari limisi. Chomoa plagi, pima omu, pima nafasi. Ni kazi ya dakika ishirini, na mita ya umeme ya kawaida inatosha. Kama bado hujanunua, mwambie unataka kuja mwenyewe kuzichukua na uzipime mbele yake. Mimi nilimjaribu kwa namba ya rafiki yangu. Alisema shemeji amefiwa.

Polisi nimekwenda na picha za mazungumzo. Walipotaka risiti sikuwa nayo, na laini ile imesajiliwa kwa mtu ambaye si yeye. Kwenye kundi nilipouliza kwa heshima tu, niliondolewa ndani ya dakika tano, kumbe naye ni admini.

Sasa ana namba mpya na jina jipya la duka. Juzi jioni mwenzangu amenitumia tangazo lake: koili za GTI, "zimebaki seti mbili tu". Kitambaa ni kilekile, mirabamiraba nyekundu, na doa la chai pembeni liko palepale.