Shawa ya mvua ya kufichwa ukutani: inafaa nyumba ya nani?

Seti tunayoipima hapa ni ile inayotundikwa mbele mbele katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Kariakoo hadi Nairobi: kichwa bapa cha sentimita 25, mkono wa ukutani wa sentimita 35 au 40, shawa ya mkono yenye mpira wa mita 1.5, na miksa (koki inayochanganya maji ya moto na baridi) iliyozikwa ukutani hadi inabaki sahani na mpini tu. Ndiyo kifaa cha kwanza kuulizwa na mtu anayetaka bafu la nyumbani lifanane na la hoteli ya Nungwi. Kifaa chenyewe hatuna ugomvi nacho. Ugomvi uko kwa wauzaji wanaokitoa bila kumuuliza mteja tangi lake liko juu kiasi gani.

Kabla ya kwenda dukani chukua ndoo ya lita 10. Fungua kichwa cha shawa iliyopo, kinga ndoo, achia koki yote na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 50 unapata lita 12 kwa dakika, na kichwa cha sentimita 25 kitamwaga kama inavyotakiwa. Ikichukua sekunde 75 uko kwenye lita 8, hapo ni mpakani. Ikizidi hapo, usinunue kichwa kikubwa bila pampu. Hesabu yake si ngumu: kila mita 10 za kimo cha maji ni presha ya bar 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 6, ukiondoa mita 2 za usawa wa shawa, linakuachia mita 4, yaani bar 0.4, na kona za bomba nazo zinakula sehemu yake. Miksa nyingi za aina hii zinahitaji angalau bar 1. Presha ikiwa chini, maji hayafiki kwenye chuchu (vitundu vya kutolea maji) za pembeni. Yanajikusanya katikati na kushuka michirizi minene kama bati linalovuja. Kwa presha hiyo hiyo, kichwa cha sentimita 15 kitakuogesha vizuri zaidi, hata kama hakivutii kwenye picha.

Pampu za kuongeza presha ziko za namna mbili. Ile ndogo ya wati 90 hadi 120, inayofungwa katikati ya bomba, huongeza takriban bar 0.8 hadi 1, haina kelele nyingi, na kwa bafu moja inatosha. Ya nusu hospawa, wati 370, inasukuma zaidi ya bar 2 bila shida, ila inanguruma, na inataka kidhibiti cha kuiwasha na kuizima yenyewe. Ukiifunga juu ya dari ya chumba cha kulala, atakayeoga saa kumi na moja alfajiri ataamsha nyumba nzima. Kosa tunaloliona mara kwa mara liko kwenye mahali pa kuifunga. Fundi anaiweka kwenye bomba la maji baridi tu, hita ikabaki inalishwa na tangi moja kwa moja. Ukifungua miksa, maji baridi yenye nguvu yanayazuia ya moto kutoka, na mengine yanarudi hadi ndani ya hita. Mteja analalamika kuwa miksa ni mbovu, kumbe miksa haina kosa. Pampu ikae kabla bomba halijagawanyika kwenda kwenye hita na kwenye shawa, ili pande zote mbili zipate nguvu sawa.

Sasa moto wenyewe. Shawa ya umeme ya papo kwa papo, ile ya kilowati 5.5 iliyozoeleka, inapandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 40 kwa kasi ya lita 5 na kidogo kwa dakika. Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, maji yakiingia na nyuzi 18, inashuka hadi lita 3.6. Shawa ya mvua inayokunywa lita 12 ingehitaji zaidi ya kilowati 12, na umeme wa kawaida wa fezi moja nyumbani hauwezi kubeba mzigo huo pamoja na jiko na friji. Kwa hiyo seti hii inadai hita ya tangi. Hita ya lita 50 iliyochemshwa hadi nyuzi 60 ikichanganywa na maji ya pwani hukupa lita 80 hadi 90 za kuoga, yaani dakika saba hivi za mvua. Watu wawili wanaofuatana waanzie lita 80. Kuchemsha hizo lita 50 kunakula uniti 2 za LUKU, na kwa elementi ya kilowati 1.5 kunachukua saa moja na dakika ishirini, basi usiiwashe ukiwa tayari umejifunga taulo. Mwambie fundi umeme akuwekee waya wake peke yake kutoka kwenye breka, ethi ya kweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30. Hapo hakuna kubana matumizi.

Kwenye ufungaji ndiko bafu la anasa linapoharibikia, kwa sababu mwili wa miksa ukishafunikwa na vigae haufikiki tena. Kasha lake lina alama mbili zilizochongwa, kina cha chini na kina cha juu, na uso wa kigae lazima uangukie katikati ya hizo mbili. Mafundi wengi hulipanga lilingane na tofali, wakisahau kinachokuja juu yake: plasta sentimita 1.5 hadi 2, gundi nusu sentimita, kigae karibu sentimita moja. Jumla ni sentimita 3 au zaidi. Miksa inazama mno, mpini haufiki, na inaanza safari ya kutafuta kipande cha kurefushia ambacho duka halina. Bandika kipande cha kigae kando ya kasha kwa unene kamili kabla ya kuliziba kwa saruji, utaona mara moja kama pamekaa sawa. Miksa iwe mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafu, uso wa chini wa kichwa mita 2.1.

Bomba la kulisha liwe PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa) ya milimita 25, si 20. Kwa daraja la presha la PN20, ya 20 ina tundu la milimita 13.2 na ya 25 ina la milimita 16.6, nafasi ya maji kupita inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na tofauti ya bei ni ndogo. Kabla ya plasta, piga presha kwa pampu ya mkono yenye geji hadi bar 6 na uiache saa moja. Sindano ikishuka, kuna kiungo kilichochomwa vibaya.

Baada ya hapo ni kuzuia maji. Rangi ya kawaida haifanyi kazi hii. Tumia mchanganyiko wa saruji wa sehemu mbili, mikono miwili (yaani tabaka mbili), wa pili ukivuka wa kwanza, sakafu yote na ukuta wa shawa hadi mita 2. Kona za ukuta na sakafu ziwekewe utepe wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza, maana nyufa huanzia pale. Ikikauka, ziba mfereji wa sakafuni wa kutolea maji, jaza maji sentimita 5, subiri saa 24, kisha kagua dari ya chini. Fundi akikuambia haina haja, tafuta mwingine. Sakafu ishuke sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Na mfereji mrefu wa chuma, ule mzuri kwa macho, ugeuze dukani utazame chini: nyingi za bei rahisi hazina kikombe cha kushika maji ya kuzuia harufu, na bafu lako litanuka shimo hata ukiwasha mishumaa kumi ya mdalasini.

Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, Dar es Salaam na Mombasa hasa, ubora wa chuma ni jambo la kuulizia. Chuma cha pua cha daraja 201 kinang'aa dukani sawasawa na cha 304, ila hupata madoa ya kutu mapema. Sumaku haisaidii sana kuvitofautisha. Tazama maandishi yaliyochongwa na dai risiti inayotaja 304. Mwili wa miksa uwe shaba nyeupe nzito, si aloi ya zinki, na utaujua kwa uzito mkononi. Chuchu za silikoni ni lazima, kwani chumvi ikiganda unaisugua kwa kidole gumba tu. Zikikaidi, loweka kichwa kwenye siki nusu saa.

Jambo moja huwatia watu wasiwasi bure. Ukifunga, kichwa kikubwa kitaendelea kudondosha maji kwa dakika kadhaa. Ni maji yaliyobaki ndani ya bapa, si koki inayovuja. Kikigeuzwa pembe kidogo kinamwaga yote na kunyamaza.

Sabuni na mafuta wekea kidaka (rafu iliyochimbwa ndani ya ukuta) badala ya rafu ya waya inayoota kutu. Nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zilijaa vidaka, na mafundi wa pwani bado wanavijenga vizuri. Sakafu yake iwe na mteremko mdogo kuelekea nje, na mkono wa kuzuia maji uingie hadi ndani. Vigae vya chini visiwe vya kung'aa. Omba R10 au R11, ambavyo ni viwango vya kutoteleza.

Nani anunue? Mwenye pampu au mwenye tangi juu ya ghorofa ya tatu akiishi ya chini, hita ya lita 50 kwenda juu, na ukuta ambao bado haujapigwa plasta. Anayepanga nyumba, au ambaye vigae vyake vimeshabandikwa, achukue seti ya nje yenye nguzo: mvua ni ile ile, na ikiharibika inafunguliwa kwa spana. Kwa vyovyote, kabla ya kulipa mwambie muuzaji afungue mpini akuonyeshe kartriji, yaani kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji. Ikiwa ni ya seramiki ya milimita 35 au 40 utapata nyingine karibu duka lolote. Ikiwa na umbo lake la peke yake, nunua ya akiba siku hiyo hiyo.