Uchambuzi: Utabiri wa Shabiki wa Mwaloni kwa Msimu wa 2024/25, na Safu Yake ya Nne

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa iliyo mbele yenu leo ni karatasi mbili zilizopigwa laminesheni, zimeandikwa kwa mkono pande zote, na juu kabisa pana muhuri wa stesheneri moja ya hapa Kirumba, jijini Mwanza, wenye tarehe 15 Agosti 2024. Huu ni utabiri wa msimu mzima wa 2024/25, Ligi Kuu ya Uingereza pamoja na Ligi Kuu ya NBC ya Tanzania, ulioandikwa na shabiki mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, na nakala zake ziliuzwa shilingi 1,000 kwenye vibandaumiza, vile vibanda vya kutazamia mpira, kuanzia Kirumba hadi Igoma. Msimu umekwisha na misimamo imefungwa, kwa hiyo sasa ndiyo wakati halali wa kuichambua, kwa sababu ubora wa utabiri hauonekani siku unapoununua.

Sitawasomea msimamo wa ligi. Mnajua kwamba Liverpool walitwaa ubingwa wa Uingereza kwa pointi 84, na mnajua kwamba Yanga walitwaa wa kwetu kwa mara ya nne mfululizo. Ninachotaka mkione ni namna karatasi hii ilivyotengenezwa, maana mimi nimeipenda kwa jambo moja, na jambo hilohilo ndilo lililoniudhi nilipoendelea kuisoma.

Kwanza muhuri. Tazameni hapa, nausogeza karibu na kamera: tarehe inasomeka, na wino umepita juu ya maandishi yenyewe, kwa hiyo hakuna mstari uliopachikwa baadaye. Msimu wa Uingereza ulianza tarehe 16 Agosti kwa mechi ya Manchester United na Fulham, siku moja baada ya muhuri huu. Wapo wachambuzi wa mtandaoni ambao mwezi Agosti walitabiri kwa sauti kubwa, na ilipofika Mei video zao zikawa hazionekani tena. Muuza dagaa huyu hakujiachia mlango wa kutokea, na kwa hilo peke yake namheshimu.

Sasa twende kwenye safu. Ya kwanza ni timu, ya pili ni nafasi, ya tatu ni sababu, na ya nne, iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, ina kichwa kinachosema: “Kitakachoniangusha”. Hapo ameandika, kwa kila timu, ni jambo gani likitokea utabiri wake utavunjika. Katika utabiri wote uliopita mezani kwangu, wa magazetini na wa redioni, sijapata kuona safu ya namna hii.

Niwaonyeshe inavyofanya kazi. Mstari wa kwanza: Manchester City, nafasi ya 1. Sababu: wamechukua mara nne mfululizo na kikosi kipo. Kitakachoniangusha: Rodri akiumia. Tarehe 22 Septemba 2024, katika mechi ya City na Arsenal iliyomalizika 2–2, Rodri, kiungo wa City, aliumia goti na msimu wake kimsingi ukaishia pale, na mwezi uliofuata akapokea Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, akiwa majeruhi. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi siku iliyofuata Krismasi, City walishinda mechi moja tu kati ya 13 katika mashindano yote, na wakamaliza wa tatu. Mtu mwenye haraka atapiga mkasi kwenye mstari huu na kusema amekosa. Mimi nasema mstari huu una thamani kuliko pointi yoyote aliyoipata, kwa kuwa aliijua nguzo ya nyumba na akaitaja kwa jina kabla haijaanguka.

Tazameni na wa tatu: Liverpool, nafasi ya 3. Sababu: Klopp ameondoka na hakuna aliyesajiliwa. Kweli, hadi tarehe ile hawakuwa wamesajili mtu. Chiesa alikuja mwishoni mwa Agosti. Kitakachoniangusha: kocha mpya akiiacha timu kama alivyoikuta. Arne Slot hakuivunja timu aliyoikuta, Salah akafunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao, na ubingwa ukathibitishwa tarehe 27 Aprili 2025 kwa kuwafunga Tottenham 5–1 pale Anfield. Hapa tena nafasi imekosewa ila maelezo yamesimama.

Sasa geuzeni karatasi, tuje nyumbani. Yanga, nafasi ya 1. Hapa kuna alama ya vyema, na wanaoweka mikeka wangeridhika na kufunga mjadala. Lakini someni sababu: Gamondi yupo msimu wa pili na timu imemzoea. Someni na safu nyekundu: kocha akiondoka. Ndugu zangu, kocha aliondoka. Mwezi Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam kisha na Tabora United, Gamondi aliachishwa kazi. Akaja Ramovic, ambaye mwezi Februari naye alikwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi, na tarehe 25 Juni 2025 Yanga wakaifunga Simba 2–0 na kumaliza na pointi 82 dhidi ya 78. Yaani jambo ambalo mtabiri alisema litamwangusha lilitokea mara mbili katika msimu mmoja, na Yanga wakawa mabingwa vilevile. Amepatia nafasi, ila timu yenyewe hakuielewa, na kwa kipimo changu mstari huu unapata alama ndogo kuliko ule wa City.

Najua wengi mtanipinga. Mtaniambia kwamba utabiri ni kupata au kukosa, na kwamba kampuni ya kubashiri haikulipi kwa sababu nzuri. Ni kweli, hailipi. Lakini mvuvi wa dagaa anayebaki nchi kavu kwa kuwa mwezi umejaa na taa zake hazitavuta dagaa, na anayebaki kwa kuwa ameota ndoto mbaya, wote wawili hawakutoka usiku huo; swali ni yupi kati yao utamsikiliza mwezi ujao. Shilingi 1,000 niliyotoa niliitoa kwa ajili ya msimu ujao.

Hata hivyo, sifa zote hizo hazizuii hesabu, na hesabu nimeipiga. Kipimo ni rahisi: unachukua nafasi aliyotabiri, unatoa nafasi halisi, unaandika tofauti bila kujali ni juu au chini, kisha unajumlisha timu zote 20. Alisema City wa 1, wakawa wa 3, tofauti ni 2. Arsenal alisema wa 2, wakawa wa 2, ni sifuri. Kwa ligi ya Uingereza jumla yake imefika 70, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo utabiri unavyokuwa bora.

Je, 70 ni nzuri? Ili kujibu nilitengeneza mtabiri mvivu kuliko wote. Nilichukua msimamo wa msimu uliotangulia, 2023/24, nikauacha kama ulivyo, na pale chini, mahali pa timu tatu zilizoshuka, nikaziweka zilizopanda kwa mpangilio waliopandia: Leicester ya 18, Ipswich ya 19, Southampton ya 20. Mvivu huyu, asiyetazama mechi hata moja, amepata jumla ya 64. Timu tatu za mwisho amezipatia zote bila kukosea hata nafasi moja, kwa sababu zote tatu zilirudi zilikotoka, kama zilivyofanya Luton, Burnley na Sheffield United msimu uliotangulia. Kwa hiyo rafiki yetu wa Mwaloni, pamoja na kalamu yake nyekundu, ameshindwa na karatasi ya kunakili. Nilipoipata namba hiyo niliirudia hesabu, kwa maana nilitamani ashinde.

Ndipo nikatafuta zilikopotelea zile 70, na hapa, ndugu watazamaji, naomba msogee karibu na skrini. Tottenham aliwaweka wa 4, wakamaliza wa 17: tofauti 13. Nottingham Forest aliwaweka wa 18, wakamaliza wa 7: tofauti 11. Manchester United aliwaweka wa 5, wakamaliza wa 15: tofauti 10. Timu tatu peke yake zimekula 34 kati ya 70. Sasa tazameni safu nyekundu katika mistari hiyo mitatu. Ni tupu. Hakuandika chochote. Timu nyingine zote 17 zina maelezo, hata Southampton, ambao aliwaweka wa 20 bila wasiwasi. Lakini hizi tatu ameziacha wazi. Kwa United sababu yake inasema “tumetoka kuchukua Kombe la FA”, na mapenzi yanaonekana mpaka kwenye mwandiko. Kwa Forest ameandika neno moja tu: “wanashuka”. Pale ambapo hakuweza kufikiri atakosea vipi ndipo alipokosea kupita kiasi, na hili ndilo lililoniudhi, kwa sababu kifaa kizuri alikuwa nacho mkononi na akakiacha kisifanye kazi mahali kilipohitajika mno.

Nikiwa hapo hapo, karatasi haina sehemu ya vikombe, na huo ni upungufu mkubwa. Tottenham na United, timu mbili alizozikosea vibaya, ndizo zilizokutana Bilbao tarehe 21 Mei 2025 katika fainali ya Ligi ya Europa, na Tottenham wakashinda 1–0. Newcastle walichukua Kombe la Ligi, Crystal Palace wakachukua la FA, na Simba wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Berkane. Msimu mzima wa furaha hizo hauna hata mstari.

Nisiwasahau wenzangu wa kanda hii. Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, alisema itabaki, na safu nyekundu ikasema: tukishindwa kupata matokeo uwanja wa Kirumba. Pamba imebaki, na kwa jiji lililoona Mbao na Alliance zikishuka pamoja msimu wa 2019/20, huo ulikuwa utabiri wa moyo mkubwa, na nampa alama zote. Kagera Sugar aliwaweka wa 9 kwa sababu Kaitaba, uwanja wao wa Bukoba, ni pagumu kwa mgeni. Kagera wameshuka pamoja na KenGold. Watazamaji wetu wa Bukoba, poleni sana; Ziwa letu limebaki na timu moja pungufu, na hilo halimfurahishi mtu yeyote wa upande huu.



Kuhusu bei, toleo la msimu mpya litauzwa shilingi 1,500, na muuzaji anasema laminesheni imepanda. Kwa nyongeza hiyo ya 500 namwomba mambo mawili: aongeze sehemu ya vikombe, na asiipeleke karatasi kupigwa muhuri kabla safu nyekundu haijajazwa kwa kila timu, akianza na Manchester United. Akifanya hivyo, nunueni. Akiacha hata mstari mmoja wazi, tumieni msimamo wa mwaka jana, ambao ni bure.