TAHADHARI: Kuna mtu Arusha anauza chupa zilizopakwa rangi akiziita amethisti

Ndugu zangu, naandika hii nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kama umeoneshwa, au unaoneshwa wiki hii, pete na vidani vya jiwe la zambarau na yule kaka wa ghorofani pale mjini, yule mwenye kitambaa cheusi cha mahameli na tochi ndogo, usimpe hata shilingi. Anauza chupa. Anaziita amethisti, jiwe la waliozaliwa Februari, na anawawinda hasa watu wanaotafuta zawadi ya mzazi.

Habari za Mama na mwaka aliopitia mnazijua, sizirudii. Nilitaka tu mwezi wake ukifika avae kitu kizuri ambacho ni chake, si cha kuazima. Aliyenipeleka kwa huyo mtu nanyi mnamjua, na naomba asilaumiwe na yeyote, maana naye ana hereni za huko huko na sasa hivi hana raha.

Sasa nisikilizeni nilivyofanyiwa, kwa sababu nimeshachoka kuulizwa "ilikuwaje usijue?"

Alinipokea kwa heshima zote. Akanivutia kiti, akaagiza chai ya tangawizi kabla hajaniuliza nimefuata nini. Mezani ana mzani mdogo wa karati, koleo jembamba la kushikia mawe, na lenzi ya kukunja, ile ya kukuza mara kumi. Akakunjua kikaratasi cheupe, vile vinavyotumiwa na madalali wa mawe, ndani yake jiwe moja la umbo la yai, zambarau imekolea. Akalimulika tochi kwa chini. Nikaona mikanda ndani yake, mahali imekoza, mahali imepauka. Akaniambia, "Dada yangu, rangi ikijipanga hivi ujue jiwe limeota ardhini. Kioo hakina mikanda." Na hilo nimeuliza kwa wanaojua, si uongo! Amethisti ya asili mara nyingi huwa hivyo. Ndiyo maana nazidi kuchemka: mtu huyu anayajua mawe vizuri kabisa, na ujuzi wake ameamua kuwaibia watu.

Hakuishia hapo. Akatoa kipande cha kioo cha dirisha, akaniwekea jiwe mkononi, akasema kwaruza mwenyewe. Nikakwaruza. Likaacha mfereji mweupe, nikapitisha ukucha nikausikia. Nikaligeuza jiwe, halina hata alama. Amethisti ni aina ya kwatzi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha jiwe kuhimili mikwaruzo, na kioo cha dirisha hakifiki hapo. Kwa hiyo lile nililolishika wakati ule halikuwa chupa. Nililipima kwa mkono wangu na likapita. Anayetaka kuniita mzembe aniambie yeye angepima nini zaidi.

Akaanza na maana zake. Kwamba Wagiriki wa kale walilivaa wakiamini linamkinga mtu na ulevi. Kwamba maaskofu wamelivaa kwenye pete karne na karne. Kwamba kwenye Ufunuo 21:20 msingi wa kumi na mbili wa ule mji mtakatifu ni amethisto. Alitaja sura na mstari bila kusitasita. Nikamfikiria Mama na jumuiya yake, nikasema moyoni hii ndiyo zawadi.

Akasema pia zamani jiwe hili lilikuwa daraja moja na rubi na zumaridi. Kweli tena. Asichosema ni kwamba karne ya 19 yalipopatikana machimbo makubwa Brazil bei yake iliporomoka, na leo amethisti ni jiwe ambalo mtu wa kipato cha kawaida analimudu. Yeye akanitajia laki tisa kwa pete na kidani. Tukavutana mpaka laki saba na nusu, akajifanya anaumia, eti ananipa kwa sababu ni ya mzazi. Eti jiwe limetoka Zambia. Zambia kweli wanachimba amethisti nzuri sana, ila yangu haijatoka Zambia wala mgodi wowote duniani.

Nikalipa. Akasema fundi yuko nyuma, analipachika sasa hivi kwenye fedha, nisubiri dakika chache. Akapita nyuma ya pazia akiwa ameshika lile jiwe langu, lile nililolikwaruzia kioo. Nikabaki nakunywa chai. Akarudi na kikasha cha bluu, pete inawaka, kidani kimelala kwenye pamba, na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu na jina la Mama limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Jiwe liliingia nyuma ya pazia, chupa ikatoka. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna mtu aliyekaa kwenye kile kiti ambaye angeliona lile pazia kuwa ni wizi.

Halafu akanipa masharti ya kutunza, na hapo ndipo penye ushetani wenyewe. Asilianike juani, rangi itapauka: sawa, jua kali la muda mrefu kweli linaipausha amethisti. Asilisogeze kwenye moto, litageuka njano: sawa pia, mengi ya yale mawe ya njano yanayouzwa kwa jina la sitrini ni amethisti iliyochomwa. Akishaona unaitikia, anakuchomekea zake mbili. Lisiguswe na maji, maji yanaua nguvu ya jiwe. Na lisipelekwe kwa sonara mwingine yeyote, watalichoma. Nikaandika yote kwenye simu nimsomee Mama.

Uongo mtupu hayo mawili! Amethisti inaoshwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, unasuuza, unafuta kwa kitambaa, basi. Ya kukwepa ni mvuke wa moto na kuiacha dirishani mwezi mzima, na kuichanganya kikasha kimoja na almasi au yakuti maana hizo ni ngumu kuliko yenyewe, zitaichuna. Vueni mnapotwanga na mnaposugua masufuria, kwa sababu 7 ni ugumu wa kukwaruzwa, si wa kugongwa gongwa. Maji hayana kosa. Aliyakataza kwa sababu alijua maji yatamsema.

Na yalimsema, mbele za watu. Mama aliivaa Jumapili, siku jumuiya ilipokuwa kwa jirani yetu. Akina mama wakamzunguka, kila mmoja anaushika mkono wake, naye anawaeleza habari ya ule msingi wa kumi na mbili, ana furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu yale yaliyotokea. Baada ya chakula akasahau masharti, akanawa na sabuni, akajifuta kwa taulo jeupe la mwenye nyumba. Taulo likabaki na michirizi ya zambarau. Pale kwenye kidole, pembeni jiwe limebaki jeupe. Wote wameona. Mmoja akasema taratibu, "Mama, pete yako inachuja." Mama akaufunika ule mkono kwa mkono wa pili, akaanza kuuliza bei ya maharage. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani, nikatamani ardhi ipasuke.

Nimempelekea sonara anayeijua kazi yake. Akaling'oa. Nyuma ya jiwe kulikuwa kumezibwa kwa kibati ili lisionekane kwa chini, na mgongo wa kioo umepakwa kitu kinachobanduka kama rangi ya kucha. Kwenye lenzi nikaoneshwa viputo vya hewa, vidogo vya mviringo, vya chupa iliyoyeyushwa. Hiyo "fedha" nayo ni shaba iliyopakwa, na kidani ni hivyo hivyo. Laki saba na nusu!

Nimerudi ghorofani, mlango umefungwa, walinzi wanasema huwa anakuja "siku za wateja". Simu inaita bila kupokelewa, WhatsApp amenibloku. Lakini picha za zile pete bado anaziweka kwenye kurasa nyingine, kwa hiyo yupo, anakula, anamtafuta mwingine.

Mnaoniuliza kwenye simu dalili ni zipi: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, alisema mashine imegoma, akaandika ya mkono. Namba aliyotaka nitumie hela ilikuja na jina la mtu mwingine kabisa, akasema ni mhasibu. Pete imezibwa nyuma. Cheti hakina anwani ya maabara wala namba unayoweza kuihakiki. Na yeyote anayekukataza kumwonesha sonara mwingine, ondoka hapo hapo na hela yako. Jiwe likishatoka mbele ya macho yako, likirudi lipimwe upya, hata kama lilipita mara ya kwanza. Mengine sina, siyo mtaalamu. Arusha hii hii kuna Kituo cha Jemolojia, yaani cha elimu ya vito, na tangu 2019 kuna masoko ya madini ya serikali, kaulizeni huko kabla ya kulipa.

Mimi ninachotaka ni huyu mtu asimame mahakamani. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni jinai, siyo ugomvi wa mteja na muuza duka. Kuna ndugu wameshaanza kuniambia "yamalize kimya kimya, utarudishiwa nusu". Nusu ya nini? Ya ile aibu ya Mama? Kama ana leseni ya udalali inyang'anywe. Kama hana, basi ni kosa juu ya kosa. Wapo madalali waaminifu mji huu wanaoamka alfajiri kutafuta riziki ya halali, na huyu anawachafua wote. Afungwe.

Kesho asubuhi napeleka malalamiko polisi. Wenzangu mliouziwa na mtu huyu, na najua mpo, msione haya. Leteni pete ikiwa kwenye kikasha chake, msiing'oe jiwe wala kuiosha zaidi, yangu imeshatosha kuonesha ndani kukoje. Ujumbe wa malipo kwenye simu msiufute, na ile risiti ya mkono, hata kama imekunjamana, njooni nayo. Nitafuteni inbox leo usiku tupange twende pamoja.