Leza ya K40 kwa karakana ya pamoja: Nairobi inafaa, pwani ina masharti

Karakana ya jamii inayotafuta mashine yake ya kwanza ya kukatia kwa leza, na mfuko una kama dola 1,000, inunue K40, leza ndogo ya bei nafuu kutoka China. Mtandaoni inauzwa takriban dola 350 hadi 500 kabla ya usafiri na ushuru. Pesa itakayobaki isipangiwe kitu kingine, kwa sababu itaishia kwenye maji, waya wa ardhini, moshi na hewa ya kupulizia. Hayo manne kiwanda kimeyafanya nusunusu.

Ilianza kama mashine ya mafundi wa mihuri, ndiyo maana ndani utakuta kibanio cha springi kinachoshika kipande cha mpira. Kiondoe siku ya kwanza na uweke wavu wa chuma. Eneo la kazi ni milimita 300 kwa 200. Tyubu inayotoa mwali wa leza ni ya kioo, ina gesi ya kaboni dayoksaidi, urefu wake kama sentimita 70. Imeandikwa wati 40 lakini kwa kweli hutoa 30 hadi 35. Ukiilazimisha kwa mkondo mkubwa utapata hizo 40 kwa muda mfupi, kisha tyubu itachoka mapema. Kaa chini ya miliampia 15 na itakufanyia kazi vizuri.

Aliyezoea mashine za Epilog au Trotec atashtuka. Zile huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, hupozwa kwa hewa, na ukifunua kifuniko mwali unakatika wenyewe. K40 nyingi hazina swichi ya kifuniko wala kihisi cha maji. Vyote viwili utavifunga mwenyewe kwenye saketi ya swichi ya leza, vikifuatana, ili kimoja kikikatika leza isiwake. Ni vipuri vya bei ndogo na kazi ya saa mbili. Mwanachama yeyote asiruhusiwe kuigusa mashine kabla havijafungwa.

Sasa maji ya kupozea tyubu, na hapa ndipo Nairobi na Dar es Salaam zinapoachana. Tyubu inataka maji ya nyuzi 15 hadi 25. Kwa miliampia 15 inaingiza kama wati 200 za joto kwenye maji, kwa hiyo ndoo ya lita 20 hupanda nyuzi moja kila dakika saba za kukata mfululizo. Nairobi maji ya ndoo huanza karibu nyuzi 20, na una zaidi ya nusu saa kabla ya kufika 25. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Machi ndoo ile ile huanza 28 au 29. Umeshachelewa kabla hujawasha.

Wauzaji watakushauri CW-3000, kifaa cha kupozea maji. Pwani usiinunue. Ndani yake mna rejeta na feni tu, haina kompresa, hivyo haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Inayopoza kweli ni CW-5000, na bei yake inakaribia ya mashine yenyewe. Njia ya gharama ndogo ni chupa za barafu: chupa ya lita 1.5 iliyoganda, ikiyeyuka yote, hushusha ndoo ya lita 20 kwa nyuzi kama 7. Iache imefungwa kizibo, maji yake yasichanganyike na ya ndoo.

Usifurahie barafu kupita kiasi, hata hivyo. Hewa ya pwani msimu wa joto huanza kutoa umande kwenye nyuzi 24 au 25. Ukishusha maji hadi 18, tyubu hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo liko sentimita chache tu kutoka kwenye waya wa volti 15,000 au zaidi. Umeme utaruka kwenye bodi, yaani ganda la chuma la mashine. Pwani lenga nyuzi 24 hadi 26, weka kipimajoto ndani ya ndoo, na ikifika 30 simamisha kazi. Kama chumba kina kiyoyozi, kiwashe mapema, kwa sababu hewa kavu hukuruhusu kwenda chini zaidi. Kumbuka tu kwamba feni ya moshi itaitoa hewa hiyo nje na kuvuta ya nje iingie.

Maji yenyewe yawe ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa, isiwe asidi. Maji ya bomba yana chumvi, hupitisha umeme na kuacha ukoko. Kabla ya kuwasha leza, inamisha mashine huku pampu ikizunguka hadi mapovu yote yatoke, na tundu la kutokea maji lielekee juu. Povu likibaki karibu na ncha ya tyubu, kioo hupata joto upande mmoja na kupasuka. Pampu na mashine zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye swichi moja. Mtu akisahau pampu kwa dakika moja au mbili tu, tyubu inaweza kuharibika.

Waya wa ardhini. Mashine nyingi huja na plagi isiyolingana na soketi zetu za pini tatu za mraba, na adapta za mitaani mara nyingi hazina mguso wa ardhini. Kata plagi, funga ya pini tatu. Kisha kwangua rangi pale waya wa kijani na njano unapofungwa kwenye bodi, maana boliti iliyokaa juu ya rangi haiungi chochote. Pima kwa multimita kutoka bodi hadi pini ya ardhini, isizidi omu 1. Jengo lisilo na ardhini ya kuaminika litafutiwe fundi umeme kwanza, mashine ibaki kwenye boksi.

Kulinganisha vioo vitatu vinavyopeleka mwali hadi kwenye lenzi ndiyo kazi inayowakatisha tamaa wengi, nayo ina utaratibu. Bandika tepu ya karatasi mbele ya kioo cha pili, sogeza reli karibu, piga mwali mfupi, kisha sogeza mbali upige tena. Madoa mawili yasipokaa mahali pamoja, rekebisha skrubu za kioo cha kwanza. Likishatulia, hamia kwenye kichwa, sehemu yenye kioo cha tatu na lenzi, na urudie kwa kioo cha pili, safari hii kwenye pembe zote nne. Usiguse kioo cha tatu kabla hayo hayajakamilika. Baada ya hapo egemeza kipande cha plaiwudi kwa mshazari na uchore mstari: ulipo mwembamba kabisa ndipo umbali sahihi kutoka kwenye lenzi, karibu milimita 50.8. Lenzi ikae upande wa mbinuko juu. Ikifungwa kinyume mashine bado inakata, ila vibaya, na watu hulaumu tyubu.

Pua ya kupulizia hewa inunuliwe pamoja na mashine. Hata pampu ya tangi la samaki huzuia moshi usipande kwenye lenzi, na kompresa ndogo ni bora zaidi. Ukiwa na hewa, plaiwudi ya milimita 3 hukatika mara moja kwa miliampia 10 hadi 12 na mwendo wa milimita 8 kwa sekunde. Akriliki ya unene huo vilevile. Plaiwudi ya marine itakusumbua, gundi yake nyeusi hukataa mwali.

PVC marufuku kabisa. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kutia kutu reli ndani ya siku chache. Tatizo ni kwamba iko kila mahali: foreksi ya mabango, ngozi ya bandia ya sofa, stika nyingi. Usichojua ni nini, kipime nje ya jengo. Pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, gusa plastiki, urudishe kwenye moto. Mwali ukiwa wa kijani, kipande kisiingie.

Feni inayokuja na mashine ni dhaifu. Badala yake funga feni ya bomba ya inchi 4 hadi 6 upande wa nje wa ukuta, bomba liwe fupi na lisipinde sana. Kizima moto kiwe cha kaboni dayoksaidi, kwa sababu unga utaua lenzi, reli na umeme.

Kwa programu, K40 Whisperer ni ya bure na inatosha. Kwenye mchoro, nyekundu hukata, buluu huchora mstari, nyeusi huchonga eneo. Maandishi yageuzwe kuwa njia, yaani mistari ya mchoro, ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape kwanza. Nguvu hairekebishwi na kompyuta bali kwa kitufe cha mashine, kwa hiyo bandika karatasi ya vipimo ukutani.

Noisebridge, karakana ya jamii ya San Francisco iliyoanzishwa 2007, inajulikana kwa kanuni ya anayeona kazi aifanye. Ni kanuni nzuri kwa meza ya kulehemu saketi. Haitoshi kwa K40. Hapa anahitajika mlezi mmoja mwenye jina, ufunguo wa swichi kuu, somo la saa moja kwa kila mtumiaji, na daftari la saa za tyubu na joto la maji. Anayekata asitoke chumbani hata kwa simu.

Leza za dayodi za mwanga wa buluu ni rahisi kutunza na hazina maji, lakini hazikati akriliki angavu, mwanga unapita tu. Karakana ya mbao na ngozi inaweza kuridhika nazo. Inayotaka kutengeneza mabango na masanduku ya vifaa itarudi kwenye K40. Agiza pamoja nayo lenzi moja na vioo vitatu vya akiba. Tyubu ya akiba usiinunue mapema, kwa sababu gesi yake hupungua hata ikiwa kwenye boksi. Agiza pale daftari linapoonyesha unahitaji miliampia nyingi zaidi kwa kazi ile ile.