Kifaru cha kwanza cha kuunda: kipi ununue, kipi kisubiri

Picha ya juu ya boksi la modeli ya plastiki ya kifaru cha kivita ndiyo humponza mnunuzi mgeni. Anaona Tiger, kifaru cha Kijerumani, limejaa matope, mzinga unafuka moshi, anatoa pesa bila kujiuliza mambo matatu: kuna magurudumu mangapi ya kupaka, mnyororo ni wa aina gani, na rangi ni ngapi. Hayo ndiyo yanayoamua kama modeli itamalizika au itabaki kabatini nusu nusu, na ndiyo yaliyopanga orodha hii.

Kuhusu skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kuliko kifaru halisi, Tiger I halisi lina urefu wa mita 8.45 ukihesabu na mtutu. Kwa 1/35 ni sentimita 24, kwa 1/48 ni 17.6, kwa 1/72 hazifiki 12. Chaguo ni pana zaidi kwenye 1/35.

1. T-34/76 ya Tamiya (kampuni ya modeli ya Japani), 1/48
Magurudumu makubwa matano kila upande, kila moja sahani mbili: jumla 20. Rangi ni moja, kijani cha Kisovieti. Minara mingi ya T-34 (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) ilimiminwa kwa haraka ya vita na ngozi yake ilitoka na mikwaruzo, kwa hiyo pale msasa wako ulipoteleza pataonekana kama kazi ya kiwanda. Mnyororo ni wa plastiki ngumu: vipande virefu vya kulala juu na chini, na pingili moja moja za kuzungukia kwenye kona. Unashika kwa gundi ya kawaida.

Angalizo moja: seti kadhaa za 1/48 za Tamiya zina tumbo la chuma. Gundi ya plastiki haishiki chuma hata ukiisubiri wiki nzima. Hapo tumia supa gluu, na upake praima (rangi ya msingi) kabla ya rangi.

2. Sherman M4 ya Tamiya, 1/35
Magurudumu 12 tu ya kukanyagia, na rangi ni kijani-zeituni mwili mzima. Sifa yake kubwa ni kwamba mnyororo wa Sherman halisi hukaa umekaza. Mkanda laini unaokuja ndani ya boksi, ambao kwenye vifaru vingine huonekana wa kuchezea, hapa uko sawasawa. Kazi iko kwenye saspensheni: vikundi sita vyenye vipande vidogo. Kata na safisha vyote sita kwa pamoja, hatua kwa hatua. Ukimaliza kimoja kimoja, cha sita hakitafanana na cha kwanza.

3. T-55A ya Tamiya, 1/35
Kifaru hiki kimetumiwa na majeshi mengi mno, kwa hiyo rangi unachagua mwenyewe. Kinashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya mnyororo: halisi hulala juu ya magurudumu, mkanda wa boksi unataka kunyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yake ni hii. Weka tone dogo la supa gluu juu ya kila gurudumu, kandamiza mkanda, kisha shindilia vipande vya sponji kati ya mkanda na bawa la juu (kifuniko kilicho juu ya mnyororo). Acha usiku mzima, halafu toa sponji kwa kibano.

4. Tiger I, 1/35
Si modeli mbaya, ni ya pili au ya tatu. Tiger la mwanzo lina ekseli nane kila upande na magurudumu matatu kwa kila ekseli: 48 kwa jumla, yamepandana, na kila moja lina ukingo wa mpira wa kupakwa. Yapake yakiwa bado nje. Ukishayapachika, ya ndani brashi haiyafikii tena.

5. Chochote cha 1/72
Bei nafuu, nafasi ndogo, lakini vipande vya milimita mbili hurukia zuliani na havionekani tena. Rahisi kwa mfuko, vigumu kwa vidole.

Usiguse kwa sasa: seti zenye injini na chumba kizima ndani, kama za MiniArt na Rye Field Model. Vipande huweza kupita 1,000, na ukishafunga mnara vingi havionekani. Ruka pia vile vibati vya shaba nyembamba vya nyongeza.

Vya kununua pamoja na boksi
Koleo la kukatia plastiki, kisu chenye ncha, msasa namba 400 na 800, na gundi nyepesi ya majimaji. Gundi hii haipakwi kama uji: shikilia vipande vikiwa vimekutana, gusa mwanzo wa ufa kwa brashi, itakimbia yenyewe ndani. Vidole vikiwa juu ya ufa, alama yake itabaki kwenye plastiki. Mshono wa mtutu usiruke. Piga msasa hadi uishe, maana ndiko jicho linakoanzia.

Rangi: kopo moja la kupulizia la rangi ya mwili, kichupa cha kijivu-nyeusi cha mipira, vanishi ya kung'aa na vanishi isiyong'aa. Puliza tabaka tatu nyembamba. Moja nene hufukia ribiti (vichwa vidogo vya misumari ya kuungia mabamba).

Kuchakaza, yaani kukifanya kionekane kimetumika, kunahitaji hasa vitu vitatu: rangi nyepesi ya kahawia-nyeusi ya enameli, kipande cha sponji na unga wa rangi ya udongo. Anza na vanishi ya kung'aa, weka stika za maji, kisha gusa enameli kwenye ribiti na maungio pekee, usioshe kifaru kizima. Baada ya dakika 20 futa ziada kwa brashi yenye thina kidogo, kuelekea chini, njia ambayo mvua hushukia. Thina ya enameli isifike kwenye plastiki tupu. Huipasua, hasa ekseli zilizobeba uzito.

Sponji ichovye rangi ya kahawia iliyoiva, ifute kwenye karatasi hadi karibu ikauke, ndipo uguse kingo za milango na pale askari wanapokanyaga wakipanda. Wengi huharibu hapa: kifaru kinakuwa na vidonda kila mahali kama mwenye tetekuwanga. Vanishi isiyong'aa hufuata, na unga huja mwisho kabisa, mwingi kwenye magurudumu na mabawa ya chini, karibu hakuna juu ya mnara.